Vitenzi Visivyo na Nafsi katika Kilatini: Mwongozo Kamili kwa Msomaji wa Kiswahili

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa kujifunza Kilatini niliitwa ubaoni kutafsiri sentensi fupi: «Petro anaona aibu kwa dhambi yake». Niliandika bila wasiwasi *Petrus pudet peccati sui*, nikarudi kuketi. Mwalimu hakusahihisha kitu mara moja. Aliniuliza tu, «Petro anamwaibisha nani?» Kisha akaifuta herufi moja ya mwisho wa jina lile na kuandika nyingine mahali pake: *Petrum pudet peccati sui*. Kwa kugeuza *s* kuwa *m*, Petro aliacha kuwa mtenda na akawa mtu aliyeshikwa na aibu, nami nikaelewa kwamba kitenzi *pudet* hakina mwenyewe.

Vitenzi vya aina hiyo ndivyo ninavyoviita hapa vitenzi visivyo na nafsi. Hutumika katika nafsi ya tatu umoja peke yake, na havimtaji mtu yeyote kuwa kiima. Mwongozo huu unamfaa msomaji anayezijua tayari hali za nomino za Kilatini (nominativi, akusativi, genitivi, dativi na ablativi), na anayeweza kuutambua wakati uliopo na wakati uliopita. Anayezungumza Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na mtaji mkubwa, kwa sababu lugha yetu inao muundo huohuo katika maneno kama *yanipasa*, *inanibidi* na *inamlazimu*. Tatizo lake huanza pale Kiswahili kinapomfanya mtu kuwa kiima ilhali Kilatini kinakataa. Kwa hiyo swali la kujiuliza katika kila hatua ni moja: mtu anayehusika yuko katika hali gani?

Hatua ya kwanza: Kitambue kitenzi chenyewe

Kamusi ya Kilatini kwa kawaida hutaja kitenzi kwa kuanzia nafsi ya kwanza, kama *amo, amare, amavi, amatum*. Ukikuta kitenzi kimetajwa kuanzia nafsi ya tatu, kama *oportet, oportere, oportuit*, jua kwamba umefika kwenye kundi letu. Ndani ya sentensi dalili ni mbili: kitenzi kina mwisho wa nafsi ya tatu umoja, na hakuna nomino ya nominativi inayoweza kukitawala. Vingi vya vitenzi hivi vimo katika mnyambuliko wa pili, kwa hiyo nyakati zake hazina jipya: *pudet, pudebat, pudebit, puduit, puduerat*, na katika dhamira tegemezi (umbo la kitenzi la jambo linalotakiwa au kutegemea kishazi kingine, kama «uje» katika «yakupasa uje») *pudeat, puderet*.

Tahadhari moja: vitenzi vingine vina maisha mawili. Katika *vinum mihi placet*, «divai inanipendeza», divai ni kiima halisi. Katika *placet mihi abire*, «nimeona vema niondoke», hakuna nomino inayotawala. Tazama sentensi nzima kwanza, kisha ndipo uamue.

Vitenzi vya hali ya hewa ni vyepesi na havitatuchelewesha. *Pluit*, mvua inanyesha, *tonat*, radi inanguruma, *ningit*, theluji inaanguka, *lucescit*, kunapambazuka, *advesperascit*, kunakuchwa. Kiswahili kina *kumekucha* na *kumekuchwa*, ambamo kiambishi *ku-* hakimrejelei mtu wala kitu, na hicho ndicho kioo bora cha *advesperascit*. Katika Injili ya Luka, wanafunzi wawili wa Emau wanamsihi mwenzao wa safari: *Mane nobiscum, quoniam advesperascit*, kaa nasi, kwa kuwa kumekuchwa. Mvua ndiyo inayotutofautisha kidogo: sisi tunaitaja mvua yenyewe, lakini Mrumi aliimeza ndani ya kitenzi. Kitu kisicho cha kawaida kikianguka kutoka angani, kilitajwa kwa ablativi: *lapidibus pluit*, mawe yananyesha. Kiweke akilini kifungu hicho, maana tutakirudia.

Hatua ya pili: Anza na lile linalopasa

*Oportet* ndicho kitenzi cha kuanzia kwa mtu wetu, kwa kuwa tafsiri yake ya neno kwa neno ni Kiswahili safi. *Discipulum oportet legere* ni «inampasa mwanafunzi kusoma». Chunguza *i-na-m-pasa*: kiambishi *i-* hakimrejelei mtu, na *-m-* ni kiambishi cha mtendwa kinachomrejelea mwanafunzi. Mwanafunzi hapasi kitu. Yeye ndiye anayepaswa. Kilatini kinafanya vivyo hivyo kwa kumweka *discipulum* katika akusativi pamoja na kitenzi-jina (umbo la «kusoma», lisilotaja nafsi) *legere*. Yohane Mbatizaji anasema katika Vulgata, Biblia ya Kilatini: *Illum oportet crescere, me autem minui*, yaani yeye inampasa kukua, nami kupungua. *Illum* na *me* ziko katika akusativi, na *-m-* na *-ni-* zetu zinakaa mahali palepale.

Mtego wa hapa umeletwa na Kiswahili cha magazeti na ofisi. Siku hizi tunasema zaidi «mwanafunzi anapaswa kusoma», tukimfanya mwanafunzi kiima cha kauli ya kutendwa. Hakuna ubaya katika Kiswahili, lakini aliyezoea *anapaswa* ndiye anayeandika *discipulus oportet*, kosa ambalo nimelisahihisha kwenye madaftari mengi kuliko kosa lingine lolote. Dawa yake ni kuigeuza sentensi iwe *inampasa* kabla ya kushika kalamu.

Kuna faida nyingine katika wakati uliopita. *Oportuit te venire* ina kitenzi kikuu cha wakati uliopita na kitenzi-jina cha wakati uliopo, na maana yake ni kwamba ulikuwa na wajibu wa kuja, mara nyingi kwa kudokeza kwamba hukuja. Wanafunzi wa lugha nyingine huhangaika sana na jambo hili. Sisi tunasema tu «ilikupasa kuja», na wakati unakaa juu ya kitenzi kilekile kama katika Kilatini. Kilatini pia huruhusu dhamira tegemezi bila kiunganishi, *oportet venias*, na hiyo ni «yakupasa uje» bila kuongeza wala kupunguza.

Rafiki wa *oportet* ni *decet*, «inafaa, inapendeza», na kinyume chake *dedecet*. Vyote viwili hufuata akusativi na kitenzi-jina: *oratorem irasci non decet*, haimfai msemaji kukasirika. Vivyo hivyo *me iuvat*, «inanifurahisha», na *me fugit* au *me praeterit*, «jambo limenipita», ambavyo pamoja na kukanusha huwa na maana ya kujua vizuri: *non me fugit*, halikunipita hilo, nalijua.

Hatua ya tatu: Wale wanaodai dativi

*Licet* (inaruhusiwa), *libet* (inapendeza moyoni) na *placet* (imeonekana vema) humweka mtu katika dativi. Kilatini kinasema *mihi licet ire*, kwa maana ya «kwangu mimi ni ruhusa kwenda». Ukitaka kukumbuka, itazame leseni ya udereva: neno *leseni* limetufikia kupitia Kiingereza kutoka *licentia*, ambalo limetokana na *licet*, na leseni hupewa mtu. Anayepewa yuko katika dativi. Katika Injili ya Marko Yohane anamwambia Herode, *Non licet tibi habere uxorem fratris tui*, si halali kwako kuwa na mke wa ndugu yako. *Tibi* ni dativi.

Jambo dogo linaloshangaza ni kwamba dativi hiyo huweza kuvuta sifa inayofuata. *Licet mihi esse beato*, naruhusiwa kuwa mwenye furaha, ina *beato* katika dativi kwa kuufuata *mihi*. Ukikuta akusativi, *beatum*, usidhani umekosea kusoma, maana zote mbili zinapatikana. *Licet* hufuatwa pia na dhamira tegemezi, *licet eas*, «waweza kwenda», na kutoka hapo kimegeuka hata kuwa kiunganishi chenye maana ya «ingawa». Maneno *scilicet* na *videlicet* ni *scire licet* na *videre licet* yaliyosagwa na mazoea: «inawezekana kujua» na «inawezekana kuona», yaani bila shaka.

*Placet* kilikuwa neno rasmi la baraza la senati, *senatui placuit*, senati iliona vema, yaani iliamua. Matumizi hayo hayakufa pamoja na Roma ya kale. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, maaskofu walipiga kura kwa maneno *placet* na *non placet*, na miongoni mwao alikuwemo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba. Kura nzima ilikuwa kitenzi kimoja kisicho na nafsi, na ile dativi ya mpiga kura, *mihi*, ilibaki kimyakimya kwa kuwa kila mmoja aliijua.

Ongeza hapa *necesse est*, «ni lazima», chenye dativi au akusativi pamoja na kitenzi-jina, na *opus est*, «kuna haja», ambacho humweka mwenye haja katika dativi na kitu kinachohitajika katika ablativi: *opus est mihi libro*, nahitaji kitabu. Anayeandika *librum* ametafsiri *nahitaji*; anayeandika *libro* ametafsiri «nina haja ya kitabu».

Hatua ya nne: Vitenzi vitano vya moyo

Hapa ndipo penye kazi. Vitenzi hivi ni *miseret* (kuhurumia), *paenitet* (kujuta), *piget* (kuudhika, kuona uzito), *pudet* (kuona aibu) na *taedet* (kukinai, kuchoshwa). Kanuni ni moja kwa vyote vitano: mwenye hisia huwa katika akusativi, na kinachoileta hisia hiyo huwa katika genitivi.

*Miseret me pauperum.* Nawahurumia maskini.
*Paenitet eum verborum suorum.* Anajuta kwa maneno yake.
*Piget nos tarditatis vestrae.* Tunaudhika kwa kuchelewa kwenu.
*Pudet te mendacii.* Unaona aibu kwa uongo.
*Taedet discipulos longae orationis.* Wanafunzi wamekinai hotuba ndefu.

Tazama upande wa Kiswahili: nahurumia, anajuta, tunaudhika, unaona, wamekinai. Mtu ni kiima katika zote tano, na ndiyo maana mwanafunzi hodari wa *oportet* huanguka anapofika hapa. Njia niliyoiona ikifaa ni kutafsiri kwa hatua mbili. Kwanza tumia maneno ambayo Kiswahili nacho huyafanya yamshike mtu: *aibu imenishika*, *huruma imemwingia*, *majuto yamewapata*. Hapo mtu amekwisha kuwa mtendwa na akusativi inajileta yenyewe. Kisha ongeza chanzo: aibu *ya nini*? Huruma *ya nani*? Ile *ya* ndiyo genitivi. «Aibu ya uongo imekushika» inakupa *pudet te mendacii* bila kukisia. Ukiisha kuona muundo, rudi kwenye «unaona aibu kwa uongo», maana msomaji wa tafsiri yako hapaswi kuhisi kwamba unamsomea Kilatini.

Kuna mambo manne ya kuzingatia kuhusu kanuni hiyo. La kwanza, kinachohurumiwa kikiwa kiwakilishi, tumia genitivi ya kiwakilishi chenyewe: *miseret me tui*, nakuhurumia, na si umbo lolote la *tuus*. La pili, *suus* hurejea kwa mwenye hisia ingawa si kiima cha kisarufi. Ndiyo maana ubaoni kwangu *sui* lilibaki salama hata baada ya *Petrus* kugeuzwa *Petrum*. La tatu, chanzo kikiwa ni tendo, genitivi inaondoka na kitenzi-jina kinaingia, *pudet me haec dicere*, naona aibu kusema haya, au kishazi chenye *quod*. Katika Mwanzo 6:6, Vulgata inasema kuhusu Mungu, *paenituit eum quod hominem fecisset in terra*, alijuta kwamba alimfanya mwanadamu duniani. La nne ni la kusoma kwa makini: pamoja na *pudet*, genitivi ya mtu yaweza kuwa ya yule ambaye mbele yake unaona haya. *Pudet me patris* huweza kuwa «namwonea haya baba», na muktadha pekee ndio utakaokuambia kama baba ndiye aliyefanya la aibu au ndiye anayetazama.

Zaburi ya 109 kwa hesabu ya Vulgata, ile ya *Dixit Dominus* iimbwayo katika masifu ya jioni, ina mstari *Iuravit Dominus et non paenitebit eum*. Waliopita seminari wameuimba mara zisizohesabika. Kitenzi cha kwanza kina kiima, *Dominus*. Cha pili hakina, na Bwana yuleyule ameshuka kuwa *eum*. Biblia ya Kiswahili husema «Bwana ameapa, wala hataghairi», na Bwana anabaki kiima katika vitenzi vyote viwili. Tafsiri ni sahihi kabisa. Anayejaribu kuirudisha katika Kilatini kwa neno moja moja ndiye atakayeandika *non paenitebit is* na kuharibu.

Kuhusu umbo la wakati uliopita, *paenituit*, *piguit* na *puduit* ni ya kawaida. Kwa *miseret* utakutana na *miseritum est*, na kwa *taedet* umbo linalotumika sana ni *pertaesum est*. Na kitenzi kisaidizi kikiingia, nacho hupoteza nafsi yake: *solet eos paenitere*, huwa wanajuta. *Solet* inabaki umoja ingawa wanaojuta ni wengi. Ukijikuta unaandika *solent*, umemrudisha kiima kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya tano: Kuna faida gani kwangu?

*Interest* na *refert* humaanisha «ni muhimu, inahusu», na utaratibu wake ni wa ajabu. Mtu akitajwa kwa nomino huwa katika genitivi: *interest omnium recte facere*, ni kwa manufaa ya wote kutenda haki. Lakini mtu akiwa mimi, wewe, sisi au ninyi, hutumiwa *mea, tua, nostra, vestra* katika ablativi ya kike. Sababu inaonekana katika *refert*, ambamo wenyeji wa lugha walisikia neno *re*, ablativi ya *res*, jambo. *Mea* limeambatana na *re*, na *interest* kikafuata mkumbo. Kiasi cha umuhimu hutajwa kwa genitivi ya thamani, *magni*, *parvi*, *tanti*, au kwa kielezi: *magni mea interest te valere*, ni jambo kubwa kwangu kwamba wewe ni mzima. Katika matini zenye alama za urefu, *rēfert* yenye *e* ndefu ndiyo yetu. *Refert* yenye *e* fupi ni «anarudisha». Vitenzi hivi si vya kila siku, kwa hiyo vitambue na uendelee.

Hatua ya sita: Pale kishazi kizima kinapochukua nafasi ya kiima

Semi kama *constat* (ni jambo linalojulikana), *apparet* (ni wazi) na zile zenye *est* na sifa ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike hufuatwa na akusativi pamoja na kitenzi-jina. Mfano ninaoupenda ni utangulizi wa sala kuu ya Misa: *Vere dignum et iustum est, aequum et salutare, nos tibi semper et ubique gratias agere*. *Nos* haitawali *est*. Ni akusativi inayokwenda na *agere*, yaani «ni vema kweli na haki *sisi kukushukuru*».

Vitenzi vya kutokea, *accidit*, *evenit*, *fit*, *contingit*, hupendelea *ut* na dhamira tegemezi. Caesar, akisimulia alivyokuwa pwani ya Britania mwaka 55 KK, aliandika, *Eadem nocte accidit ut esset luna plena*, usiku huohuo ikatokea kwamba mwezi ulikuwa mpevu. *I-ka-tokea kwamba*, *accidit ut*: muundo ni uleule, isipokuwa *esset* ambayo imo katika dhamira tegemezi ingawa tukio ni la kweli. Caesar anaendelea kusema kwamba siku hiyo huleta maji makuu baharini, na kwamba watu wake hawakulijua hilo. Merikebu zao ziliharibiwa. Mvuvi yeyote wa Lamu au Kilwa angewaonya kwamba ni bamvua.

Kuna mahali ambapo mambo hugeuka, na sisi ndio tusio na nafsi. Tunasema «inaonekana kwamba wanafunzi wamechoka» na «inasemekana kwamba Homerus alikuwa kipofu». Kilatini hapa hutaka kiima cha kweli: *discipuli fessi esse videntur*, *Homerus caecus fuisse dicitur*. Kitenzi *videntur* kimekuwa wingi kwa sababu ya wanafunzi. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea vitenzi visivyo na nafsi ndiye hasa anayenaswa hapa, kwa kuwa ameanza kuviona kila mahali.

Hatua ya saba: Kauli ya kutendwa isiyo na mwenyewe

Kilatini kinaweza kukitia katika kauli ya kutendwa hata kitenzi kisicho na yambwa, kama *ire* (kwenda) au *pugnare* (kupigana), mradi kiwe nafsi ya tatu umoja. *Itur*, watu wanaenda. *Ventum est*, watu wamefika. *Pugnatum est*, kulikuwa na mapigano. Katika maumbo ya wakati uliopita sehemu ya kwanza huishia na *-um* siku zote. Kiswahili kinayajua mambo haya kwa sehemu. Tunasema «kwa joto hili hakulaliki», «njiani hapapitiki», «kulichezwa hadi alfajiri», na hakuna anayeuliza ni nani. Tofauti ni kwamba *hakulaliki* inazungumzia uwezekano, ilhali *itur* inaeleza tendo lenyewe, basi *kulichezwa* ndiyo iliyo karibu zaidi.

Apollo anapomsifu kijana Askanio katika kitabu cha 9 cha Aeneis, utenzi wa Vergilius, anasema *sic itur ad astra*. Neno kwa neno ni «hivi kunaendwa nyotani». Kwa Kiswahili cha watu ni «hivi ndivyo watu wanavyozifikia nyota». Caesar, katika kitabu kilekile cha mwezi mpevu, anaandika *pugnatum est ab utrisque acriter*. Watendaji wametajwa kwa *ab*, na bado hakuna kiima: pande zote mbili zilipigana vikali. Katika kutafsiri usiogope kuweka kiima cha Kiswahili. Kilatini kimeficha mtu kwa sababu tendo ndilo lililokuwa muhimu. Kama Kiswahili kinaonekana kigumu bila mtu, mweke «watu», «wao» au «jeshi».

Matumizi ya pili yanadai uangalifu zaidi. Kiswahili kinaweza kumweka katika kauli ya kutendwa karibu kila anayeguswa na tendo: nimesamehewa, ninaaminiwa, anaonewa wivu, umeshawishiwa. Katika Kilatini, vitenzi kama *ignosco, credo, invideo, persuadeo, parco, noceo* huwa na dativi, na dativi hiyo haiwezi kupanda cheo na kuwa nominativi. Hubaki palepale, na kitenzi hukosa nafsi:

*Tibi ignoscitur.* Umesamehewa.
*Mihi non creditur.* Siaminiwi.
*Eis persuasum est.* Walishawishiwa.
*Nemini parcitur.* Hakuna anayehurumiwa.
*Ei noceri non potest.* Hawezi kudhuriwa.

Katika mfano wa mwisho *potest* nayo imekosa nafsi kwa sababu ya *noceri*. Kabla ya kuandika kauli ya kutendwa, basi, fungua kamusi uone kitenzi kinadai nini katika kauli ya kutenda. Kikidai akusativi, uko huru. Kikidai dativi, iache dativi mahali pake.

Jamaa wa karibu ni umbo la *-ndum est*, linaloonyesha ulazima: *mihi eundum est*, inanibidi niende. Horatius alianza utenzi wake juu ya kuanguka kwa Kleopatra kwa *Nunc est bibendum*, sasa ni wakati wa kunywa, bila kumtaja mnywaji. Anayetakiwa kutenda huwa katika dativi, isipokuwa pale dativi mbili zinapoleta utata. *Mihi tibi parendum est* haisemi nani amtii nani, kwa hiyo huandikwa *a me tibi parendum est*, mimi inanibidi nikutii wewe.

Hatua ya nane: Kitenzi kikiingia ndani ya sentensi nyingine

Katika usemi wa taarifa kitenzi kisicho na nafsi hugeuka kitenzi-jina, na kila mtu hubaki katika hali yake. *Marcus dicit se stultitiae suae pudere et sibi abire non licere.* Marcus anasema kwamba anaona aibu kwa ujinga wake na kwamba haruhusiwi kuondoka. *Se* ni akusativi ya *pudet*, *stultitiae* ni genitivi ya chanzo, *sibi* ni dativi ya *licet*. Mtu ni mmoja na hali ni mbili, kila moja kwa kitenzi chake. Kwa wakati ujao hutumiwa njia ya kuzunguka: *spero fore ut eum paeniteat*, natumaini atajuta. Amri nayo hutolewa kwa dhamira tegemezi, *pudeat te*, ona haya.

Tumalizie kwa sentensi ya mwanahistoria Livius, kitabu cha 1, sura ya 31, kuhusu enzi ya mfalme Tullus Hostilius: *nuntiatum regi patribusque est in monte Albano lapidibus pluvisse*. Tafuta nominativi, hakuna hata moja. *Nuntiatum … est* ni kauli ya kutendwa isiyo na nafsi, na imekatwa katikati na waliopewa habari, *regi patribusque*, ambao ni dativi, yaani mfalme na wazee wa senati. Kilichotangazwa kimo katika kitenzi-jina *pluvisse*, kutoka *pluit* yetu ya hatua ya kwanza. Kwa kuwa kitenzi hicho hakina kiima, usitafute akusativi ya kukisindikiza. *Lapidibus* ni ablativi, kilichonyesha, na *in monte Albano* ni mahali. Yakiunganishwa, yanasema: mfalme na wazee wa senati waliletewa habari kwamba katika Mlima Alba mawe yamenyesha kama mvua. Kiswahili kimepata viima viwili, *mfalme na wazee* na *mawe*, palipokuwa hapana hata kimoja.